Damu ya Usiku wa Arusi: Yasemwayo na Ukweli

Bado zipo familia ambamo bibi arusi hudharauliwa, au hata kurudishwa kwao, kwa sababu tu shukani hapakuonekana damu. Kabla ya kuhukumu, tuujue mwili ulivyo.

Yasemwa: Asiyetokwa na damu si bikira.
Ukweli: Kizinda ni utando mwembamba mlangoni mwa uke, nao una uwazi; ndiyo maana damu ya hedhi hupita. Wengine huzaliwa nacho kidogo sana, wengine chenye kunyumbuka. Wanawake wengi hawatokwi na damu siku ya kwanza.

Yasemwa: Mkunga au daktari akimpima atajua.
Ukweli: Hakuna kipimo cha ubikira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji huo ukomeshwe, kwa kuwa hauthibitishi kitu na unamwumiza msichana mwili na moyo.

Yasemwa: Mara ya kwanza haishiki mimba.
Ukweli: Hushika. Na virusi vya UKIMWI vyaweza kuambukizwa siku hiyo hiyo.

Yasemwa: Kulala na bikira huponya UKIMWI.
Ukweli: Ni uongo wa hatari, tena ni unyama. Mwenye virusi aende hospitali, apewe dawa za kumeza kila siku.

Mama, zungumza na binti yako mapema. Baba, mfundishe na mwanao wa kiume kujitunza, maana yeye hakaguliwi shuka. Uaminifu haupimwi kwa damu.