SOMO: BAADA YA DHORUBA, TUJENGE WAPI?



Somo letu safari hii linahusu watu wa ufuoni. Lakini hata ninyi mnaokaa bara, kando ya mto au chini ya mlima, msiliruke. Maji yakija hayaulizi kama wewe ni mvuvi au mkulima. Katibu asome hadithi kwanza, polepole, halafu kikundi kijadili maswali yaliyo mwishoni.

YALIYOTOKEA BEIRA

Beira ni mji wa bandari nchini Msumbiji, mahali Mto Pungwe unapoingia baharini. Una watu zaidi ya laki tano, na sehemu zake nyingi ziko chini sana. Ufuoni kuna mtaa wa wavuvi unaoitwa Praia Nova, yaani Ufuo Mpya. Watu walijenga pale kwa sababu bahari ndiyo shamba lao. Mtumbwi ukifika, akina mama wachuuzi wako papo hapo kununua samaki.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga kiitwacho Idai kiliingia. Upepo ulipita kilomita 160 kwa saa. Mabati yaling'oka, na bati linaloruka hukata kama panga. Umeme na simu zikapotea. Siku zilizofuata mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, barabara kuu ikakatika, mashamba yakawa ziwa. Mahindi yaliyokaribia kuvunwa yakaozea majini. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Kisha kipindupindu kikazuka. Watu zaidi ya laki nane walipewa chanjo kuanzia Aprili, na ugonjwa ukatulizwa.

MBONA WASIHAME?

Wengi wetu tungeuliza hivyo. Basi tuangalie. Baada ya Idai, familia nyingi za sehemu za hatari zilipewa viwanja wilayani Dondo, upande wa bara, kilomita 30 na zaidi kutoka Beira. Kule mawimbi hayafiki. Lakini samaki nao hawafiki! Mvuvi akipewa kiwanja bila kazi, anapiga hesabu ya nauli, anaangalia watoto wake, halafu anarudi ufuoni. Na wako waliorudi. Tarehe 23 Januari 2021 kimbunga kingine, Eloise, kikapiga karibu na Beira tena.

Tusiwacheke. Aliyerudi hakuwa mjinga. Alikuwa akichagua kati ya hatari ya siku moja na njaa ya kila siku. Kosa ni kuwafanya watu wachague hivyo. Ndiyo sababu twasema: kazi na makao vipangwe pamoja, na wenyewe wawepo wakati wa kupanga.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kagua kabla ya kujenga. Nehemia alipofika Yerusalemu hakukimbilia mawe. Alikaa siku tatu, kisha akazunguka usiku kuukagua ukuta. Baadaye wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na sura ya 3 inamtaja Shalumu akifanya kazi pamoja na binti zake. Kikundi nacho kizunguke kijiji: nyumba gani zimeanguka, nani ni mjane, nani ni mgonjwa, mitumbwi mingapi imevunjika, kisima kipi kimeingia uchafu. Andikeni kwenye daftari. Msaada ukija bila orodha, wenye sauti kubwa ndio hupata.

2. Kulala mbali, kazi karibu. Si lazima kuhama kilomita 30. Pengine familia yaweza kulala mahali pa juu, mwendo mfupi kwa miguu, na vyombo vya uvuvi na banda la kukaushia samaki vibaki ufuoni. Na fedha za kikundi zisiishie kwenye mabati yote. Nyavu zikirudi, mtu atanunua bati lake mwenyewe.

3. Jenga kuliko jana. Paa la pande nne hushindana na upepo vizuri kuliko la pande mbili. Chimbia nguzo chini sana. Funga mbao za paa kwenye nguzo kwa waya mgumu, usitegemee msumari peke yake. Waya ni bei ndogo kuliko paa jipya.

4. Tunzeni mikoko. Mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Katikati ya mji wa Beira, Mto Chiveve ulichimbuliwa na mikoko ikapandwa ili maji ya mvua yapate njia. Sisi huku twakata boriti, kisha twashangaa ufuo unaliwa. Mbegu za mkoko huokotwa bure. Ongeeni kwanza na ofisi ya misitu, mjue mahali pa kupanda.

5. Onyo lifike kwa kila mtu. Msumbiji kuna kamati za vijiji zenye bendera. Ya buluu: kimbunga chaweza kufika katika siku moja au mbili. Ya manjano: kitafika ndani ya siku moja. Nyekundu: kimekaribia kabisa. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Tusiseme hayo ni ya wengine. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, na watu wa pwani yetu wakaonywa kuhusu upepo na mawimbi makubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Maji yakija leo usiku, tutakimbilia wapi? Njia hiyo inapitika gizani?
- Nani atambeba mzee asiyeweza kutembea? Tajeni jina.
- Tukiambiwa tuhame, tutakula nini kule?
- Daftari na fedha za kikundi viko wapi? Vikilowa, nani anakumbuka akiba ya kila mmoja?

KAZI YA MWEZI HUU

Chora ramani ya kijiji chini kwenye mchanga, wanaume na wanawake pamoja, na watoto pia, maana wao huvijua vichochoro vyote. Kisha inakiliwe kwenye karatasi, moja iwekwe kanisani na nyingine kwa chifu.

Tuombe Mungu atuepushe na dhoruba. Lakini tukisema Amina, tuinuke tukafunge mapaa.