SOMO: MAGOFU YA VILLERS



Juma lililopita mmoja wenu aliuliza: «Nyumba ya Mungu ikibomoka, sala zilizosemwa ndani yake zinakwenda wapi?» Darasa lote lilinyamaza, na mimi pia. Basi leo twende kwa mawazo mpaka Ubelgiji, tuyatazame magofu ya monasteri ya Villers.

Katika mwaka 1146, siku za Mtakatifu Bernardo, watawa wa Clairvaux walikuja katika bonde la mto mdogo uitwao Thyle. Wao na waliowafuata wakajenga kanisa la mawe, ambalo urefu wake unapita mita 90. Sasa sehemu kubwa ya paa imeanguka. Ukisimama katikati waona mawingu. Na ukutani yako madirisha ya duara yasiyo na kioo, mwanga wapita humo kama mwezi mpevu.

Tuendelee. Hapa ni chumba cha kulia: mtawa mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakala kimya. Pale ni chumba cha kuotea moto. Huko baridi ni kali, wala vyumba vingi havikuwashwa moto. (Ninyi mnaochelewa kwa sababu ya umande, sikieni!) Mto wenyewe waliufunika kwa matao ya mawe, ukapita chini ya majengo. Na usiku, watu wote wakiwa usingizini, kengele ililia, wakaamka kuimba Zaburi.

Walikuwa na mashamba makubwa mno, sitawaficha hilo. Lakini utajiri haukuwalinda. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1796, watawa walifukuzwa. Mfanyabiashara akayanunua majengo, akauza mawe yake. Baadaye reli ikapitishwa katika uwanja wa monasteri.

Jambo la namna hiyo limefika hata kwetu. Mwaka 1954 watawa wa Scourmont, Ubelgiji, wenye kufuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto, walianzisha monasteri ya Mokoto, katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Mei 1996 watu wenye silaha waliishambulia, wakawaua wengi waliokimbilia humo. Watawa wakaondoka. Walipopata makao Goma, waliziimba Zaburi zilezile za Villers.

Ndugu uliyeuliza, Jumamosi utuletee jibu lako. Nasi tutakusikiliza kabla ya kufungua Katekismu.