SOMO LA HESABU: REJISTA ZA KOMPYUTA ZA ZAMANI

Kila asubuhi mwalimu hufungua rejista na kuita majina. Leo tutazungumzia rejista ya namna nyingine, ile iliyomo ndani ya kompyuta. Haina karatasi wala wino, lakini kazi yake nayo ni kuweka kumbukumbu na kuhesabu.

Tuanze hapa kwetu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaipeleka Tabora, wakaitengenezea sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Rupia yao ilikuwa na heller 100. Lakini kabla ya mwaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Basi aliyekuwa na pesa 63 akiongezwa pesa moja, alifuta pesa zote na kuandika rupia moja. Tuikumbuke namba hiyo, 64, maana tutakutana nayo tena.

Kompyuta ya kwanza Tanzania
Mwaka 1965 Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam ilifunga kompyuta aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya ICT ya Uingereza. Ndiyo kompyuta ya kwanza nchini. Kampuni hiyo ilikuwa imetangaza mwaka 1964 mashine mpya za aina ya 1900. Mwaka 1968 iliungana na nyingine ikaitwa ICL. Somo letu tutalichukua katika hizo 1900.

Rejista ni nini?
Kompyuta inajua alama mbili tu, 0 na 1. Kila alama moja huitwa biti. Katika mashine ya 1900, biti 24 zilifanya neno moja, na neno moja liligawanyika katika makundi manne ya biti 6. Biti 6 zinaweza kuandika namba kuanzia 0 mpaka 63. Ukiongeza moja, zote zinarudi 0 na moja inahamia kundi la kushoto. Je, si zile pesa 64 za rupia?

Ghala la mashine lilikuwa na maelfu ya maneno. Maneno manane ya mwanzo, nambari 0 mpaka 7, ndiyo yaliyokuwa rejista za hesabu. Tunaweza kufananisha ghala na kabati la madaftari, na rejista na ubao: namba inatolewa kabatini, inafanyiwa hesabu ubaoni, jibu linarudishwa kabatini.

Kujumlisha
Tujumlishe 13 na 11:

01101
+ 01011
= 11000

Tunaanza kulia. 1 na 1 ni mbili, yaani 10: tunaandika 0, tunabeba 1. Tukiendelea hivyo tunapata 11000, ambayo ni 16 + 8 = 24.

Kutoa
Mashine hugeuza kutoa kuwa kujumlisha. Kwa 13 − 11, tunachukua 11, yaani 01011, tunageuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0: 10100. Tunaongeza 1: 10101. Kisha tunajumlisha:

01101
+ 10101
= 100010

Nafasi zetu ni tano tu, hivyo 1 ya mwanzo inaanguka. Inabaki 00010, yaani 2. Jibu ni sahihi.

Namba inapofurika
Hapa ndipo penye hatari. Neno la biti 24 hubeba namba kuanzia −8,388,608 mpaka 8,388,607. Ukiongeza 1 juu ya 8,388,607, alama zinageuka na jibu linasomeka −8,388,608. Sasa fikirini mtu anaandika fedha kwa senti. Senti 8,388,607 ni shilingi 83,886 na senti 7 tu. Hesabu ya wizara ingelijaza neno hilo mara moja, na fedha iliyopo ingeonekana kuwa deni!

Kwa hiyo mashine ilikuwa na biti ya pekee, V, iliyowaka namba ilipofurika, na nyingine, C, ya kupeleka kilichobebwa kutoka neno moja hadi jingine, ili namba kubwa iandikwe kwa maneno mawili. Lakini V haikupiga kelele. Aliyeandika programu ndiye aliyepaswa kuiuliza. Asipouliza, mashine iliendelea na jibu la uongo.

Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Kati ya sababu zinazotajwa ni hasara na mvurugiko uliotokea pale hesabu za serikali zilipoingizwa katika kompyuta. Hatusemi kwamba ni biti V iliyosababisha. Tunachojifunza ni kwamba mashine hutii, haifikiri; amana ya hesabu inabaki kwa mtu.

Leo simu janja nyingi zina rejista za biti 64, lakini bado zinabeba 1 kwa njia ile ile. Anayeijua njia hiyo hatishwi na mashine, wala hadanganywi nayo.

Zoezi
1. Andika 19 na 6 kwa biti, kisha zijumlishe.
2. Tafuta 9 − 4 kwa kugeuza alama, ukitumia nafasi tano.
3. Kwa nafasi tano, namba kubwa chanya ni 15. Jumlisha 15 na 1. Jibu linasomekaje, na kwa nini?

Fanyeni kwa kalamu kwanza, kisha mpelekeeni mwalimu wenu asahihishe.