Kuhimiza kulishwa maskini ni ibada tuliyoisahau

Suratul Maun wengi wetu tumeihifadhi tangu tukiwa chuoni. Ni fupi, na imamu mwenye haraka huipenda. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilikuwa nikiidarsisha katika darsa letu la baada ya Maghrib. Nilipofika panapotajwa maskini nikasema yale niliyozoea kusema, kwamba tutoe sadaka na tuache ubakhili. Darsa lilipokwisha, mama mmoja akabaki nyuma ya pazia, akaniita.

"Ustaadh," akasema, "mimi nina mtoto anayetumia dawa. Pale tunapochukulia, vijana wa mradi wamesimamishwa kazi. Tumeambiwa fedha ya Marekani imefungwa. Sasa hiyo sadaka yetu ya msikitini itanunua dawa za watu wangapi?"

Nikamjibu kwamba Mwenyezi Mungu (SW) ndiye Mwenye kuruzuku, na kwamba asubiri. Ni jibu sahihi kwa itikadi, lakini halikuwa jibu la swali lake. Aliitikia "inshaallah" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na anayemjibu. Usiku ule nikarudi kwenye sura ile ile, nikaona kwamba miaka yote nimekuwa nikiisoma nusu.

Aya ya tatu ya Suratul Maun haimlaumu mtu kwa kutomlisha maskini. Inamlaumu kwa kutohimiza maskini alishwe. Neno hilo hilo limekuja katika Suratul Haaqqa, aya ya 34, katika habari za yule atakayepewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto. Makosa yake yanatajwa mawili: hakumwamini Mwenyezi Mungu Mtukufu, na hakuwa akihimiza kulishwa maskini. Tazama jambo la kuhimiza limewekwa jirani na lipi! Kisha katika Suratul Fajr, aya ya 18, neno limekuja kwa wingi na kwa maana ya kufanyiana, yaani nyinyi hamhimizani. Hapo si mtu mmoja tena, ni jamii nzima inayolaumiwa kwa kukaa kimya.

Wafasiri wameeleza kwamba ikiwa asiyehimiza amelaumiwa kiasi hiki, basi anayemnyima maskini kwa mkono wake hali yake ni mbaya zaidi. Hilo ni kweli, lakini lipo na jambo la pili ndani yake. Kulisha kunahitaji mali, kuhimiza kunahitaji mdomo na kalamu. Asiye na kitu anao udhuru katika kulisha. Katika kuhimiza udhuru wake ni upi?

Na kuhimiza kwenyewe kunakwenda kwa nani? Kunakwenda kwa mwenye nacho na kwa mwenye amri. Tunaijua habari ya Hilful Fudhul. Mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, alifika Makka akauza bidhaa zake kwa Al-As bin Wail, akadhulumiwa malipo. Akapanda jabali la Abu Qubays akapiga kelele Maquraish wakiwa wamekaa pembeni mwa Al-Kaaba. Aliyeinuka ni Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (SAW). Wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na mdhulumiwa hata akiwa mgeni mpaka haki yake irudi, na yule mtu akalipwa. Mtume (SAW) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile ndani ya Uislamu angeitika. Zingatia kwamba wale watu hawakumchangia yule Myemeni fedha kutoka mifukoni mwao. Walimkabili aliyekuwa nazo.

Sasa nitoke Makka niende Marekani, na nakuomba msomaji usishtuke.

Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa muziki, Sam Daley-Harris, alianzisha kikundi cha raia kinachoitwa RESULTS. Kabla ya hapo alikuwa akizunguka katika shule za sekondari kuzungumza na wanafunzi juu ya njaa duniani. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika wanafunzi kama 7,000 aliowauliza jina la mbunge wao, waliolijua hawakufika 200. Akaona tatizo si kwamba watu hawana huruma. Hawajui huruma yao waipeleke wapi. Kazi ya kikundi chake ikawa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: raia wa kawaida wakutane kila mwezi, wasome jambo moja hadi walielewe, wamwandikie mbunge barua, waombe kuonana naye, waandike magazetini, na mwezi unaofuata warudi tena. Katikati ya miaka ya 1980 watu hawa walikuwa miongoni mwa waliolisukuma Bunge la Marekani kutenga fungu maalumu la kuokoa watoto kwa chanjo na maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Mwaka 1990 watoto waliokufa duniani kabla ya kutimiza miaka mitano walizidi milioni 12. Mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5. Sisemi barua ndizo zilizofanya yote hayo, lakini chanjo hainunuliwi na bajeti ambayo hakuna aliyeiomba.

Mfano wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja. Tarehe 16 Mei, 1998, viongozi wa nchi tajiri walikutana Birmingham, Uingereza. Watu kama 70,000 wakashikana mikono kuuzunguka mji wakidai nchi maskini zisamehewe madeni. Harakati ile iliitwa Jubilee 2000, na asili yake ni makanisani. Saini walizokusanya duniani zilifika kama milioni 24. Mwaka 1999 mkutano wa Cologne ukakubali kupanua msamaha. Tanzania ikafikia hatua ya mwisho ya mpango ule Novemba 2001, na mwaka 2006, baada ya shinikizo jingine kubwa la mwaka 2005 ambalo mashirika ya Waislamu wa Uingereza kama Islamic Relief yalikuwamo, tukafutiwa tena. Katika kipindi hicho hicho ada ya shule ya msingi ilifutwa. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 wakawa zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kweli walisongamana, na madarasa mengine mwalimu alikuwa haoni mwisho wake. Lakini binti wa Kiislamu aliyekuwa akibakizwa nyumbani kwa sababu ada imetosha kwa kaka yake tu, alikwenda shule.

Je, ni wangapi kati yetu tuliojua kwamba kuna bibi wa Kiingereza alisimama barabarani siku nzima kwa ajili hiyo?

Kwa upande wa maradhi ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za kurefusha maisha zilikuwapo, lakini kwa bei ya matajiri. Wapo wakubwa waliosema wazi kwamba Afrika haiwezi kuzitumia. Wagonjwa wenyewe wa Afrika Kusini, kupitia Treatment Action Campaign iliyoanzishwa Desemba 1998, waliandamana hadi makampuni 39 ya dawa yakaifuta kesi yao dhidi ya serikali Aprili 2001. Huko Marekani wanafunzi, madaktari na watu wa makanisa waliwaandama wabunge wao. Hata Seneta Jesse Helms, aliyekuwa adui mkubwa wa misaada, mwaka 2002 aliandika kwamba anaona haya kwa kutofanya zaidi juu ya UKIMWI. Mwaka huo huo Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ukaanza kazi. Januari 2003 Rais Bush, huyo huyo aliyekuwa akijiandaa kuivamia Iraq, akatangaza dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Tanzania ikawamo. Hapa nyumbani dawa zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Zanzibar, kwa vyandarua, dawa ya mseto na kupuliza majumbani, malaria ilishuka hadi chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa, na gharama kubwa ilitoka kwenye mifuko hiyo hiyo.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimezisikia barazani.

Ya kwanza ni kwamba misaada ya mataifa hayo ina ajenda ndani yake. Hilo sitalipinga. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa juu ya masharti. Kubinafsisha maji ya jiji hili kulikuwa miongoni mwa masharti ya wakopeshaji. Kampuni ya City Water ikaingia mwaka 2003, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba huku mabomba yakiwa makavu kama zamani. Na tunaikumbuka rada, tuliyouziwa kwa paundi milioni 28 na nchi ile ile iliyokuwa ikitupa misaada. Lakini tuikumbuke pia "chenji ya rada". Mwaka 2010 kampuni ya BAE ilikubali kuwalipa Watanzania paundi milioni 29.5, na ilipochelewesha, kamati ya Bunge la Uingereza iliwaita wakubwa wake mwaka 2011 kuwahoji, na wabunge wetu nao wakaenda London kudai. Zikatoka, zikanunua vitabu vya shule. Maana yake ni kwamba serikali ya nchi na raia wake si kitu kimoja. Tunapowatia wote katika kapu moja la "mabeberu", tunawapoteza wale ambao wangekuwa mashahidi wetu.

Ya pili ni shaka ya dawa na chanjo zenyewe. Mwaka 2003 huko Kano, Nigeria, chanjo ya polio ilisimamishwa kwa tetesi kwamba imetiwa kitu cha kuzuia uzazi wa Waislamu. Ilirudishwa mwaka 2004 baada ya kupatikana chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda huo ugonjwa ulisambaa hadi nchi nyingine nyingi, na hiyo Indonesia yenyewe ukaifikia mwaka 2005. Waliopooza walikuwa watoto wetu. Kuwa na shaka si kosa, na kutaka chanjo ichunguzwe ni haki ya mzazi. Kosa ni kuichelewesha kwa uvumi.

Ya tatu ndiyo inayoniuma mimi, nayo ni kwamba tunafundishwa kuomba. Hadithi ya mkono utoao na mkono upokeao tunaijua sote. Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na miaka mingi bajeti zetu hazikufika hapo. Sasa nani aliwafuata kuwauliza? Huwezi kumlaumu Mmarekani kwa kufunga mfuko wake ikiwa wako hujawahi kuutazama ndani.

Maana mfuko kweli ulifungwa. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa siku 90, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi. Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027, wakati ahadi ya Umoja wa Mataifa tangu 1970 ni asilimia 0.7. Hata hivyo, Julai hiyo hiyo, serikali ya Marekani ilipotaka kufuta dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI, maseneta, wakiwamo wa chama cha Rais mwenyewe, walikataa, na fungu lile likaondolewa kwenye orodha ya makato. Seneta hapingani na Rais wake bure. Wapo waliompigia simu. Nina hakika kati ya Waswahili wetu walioko Minneapolis na London wapo wenye haki ya kupiga kura ambao simu hiyo hawajawahi kuipiga, ingawa fedha za kumtibia shangazi wanatuma kila mwezi.

Na hapa kwetu? Tangu 1992 tumekuwa tukilalamikia makubaliano ya serikali na makanisa juu ya huduma za afya na elimu. Malalamiko hayo yana hoja, na gazeti hili limeyaandika sana. Lakini wenzetu walikaa, wakaandika, wakafuatilia ofisi kwa ofisi. Sisi hutoa tamko Ijumaa, na Jumamosi tumekwisha kurudi dukani.

Nilimtafuta yule mama baada ya wiki mbili, nikamwambia jibu langu la mwanzo nalifuta. Katika darsa lililofuata niliuliza swali la yule mwalimu wa muziki. Jina la mbunge walilijua karibu wote. Nilipouliza nani amewahi kumwandikia, hakuinuka mkono hata mmoja, na wangu haukuinuka pia. Tukasoma Al-Fajr, kisha tukaandika barua ya ukurasa mmoja kumuuliza mheshimiwa mambo mawili: dawa za watu wa jimbo lake zimewekewa fedha kiasi gani katika bajeti yetu wenyewe, na wale watumishi waliosimamishwa watarudishwa lini. Waliotia saini walikuwa 31. Mama yule alisaini wa kwanza, kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo alizofundishwa.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka kwa mkono, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala tunayo. Ya tatu tunaiandika Alhamisi hii baada ya Maghrib, inshaallah.