Kabla ya Kubisha Hodi kwa Mkimbizi

Tuseme klabu yenu ya afya imeombwa kusaidia familia za wakimbizi. Moyo unao, nguvu unazo. Je, umejiandaa?

Mwezi Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Maji safi na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikazuka, na kabla mwezi haujaisha watu wasiopungua 30 walikuwa wamekufa.

Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Lakini wagonjwa wengi hupona wakiwahi kunywa maji yaliyochanganywa na ORS. Sasa fikiria: mama amefiwa njiani, mtoto wake anaharisha, halafu wewe unaingia na kumfokea eti "nyie wachafu". Atamficha mtoto! Kwa hiyo heshima nayo ni sehemu ya tiba.

Fanya hivi:

1. Jifunze salamu yao. Kwa Kirundi sema "Amahoro", yaani amani. Usidhani kila Mrundi anajua Kiswahili. Tafuta mkalimani mtu mzima. Usimbebeshe mtoto mambo mazito ya wazazi wake.

2. Piga hodi, subiri ukaribishwe, msalimie mkubwa kwanza. Mambo ya hedhi na uzazi, mwanamke aongee na mwanamke.

3. Uliza kabla ya kufundisha. "Mama, kwenu mtoto akiharisha mnampa nini?" Akijibu uji mwepesi, msifu, kisha umweleze kuhusu ORS: pakiti moja kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Akisema humnyima maji ili kuharisha kukome, usimcheke. Mweleze polepole kwamba mwili unakauka. Mwombe akuonyeshe atakavyochanganya.

4. Usichokonoe. Usimwulize nani kauawa. Akitaka kusema, sikiliza. Siri yake usiitangaze, wala usipige picha.

5. Usijifanye daktari. Mtoto akiharisha mfululizo, macho yakaingia ndani au akalegea, apelekwe kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunywa.

Jadilini darasani: Mzee wa familia anakataa maji yenye dawa ya klorini, anasema yananuka sumu. Utaanza na swali gani? Igizeni, mmoja awe mzee, mwingine mgeni. Kisha mzee aseme: je, alijisikia kuheshimiwa?