SOMO LA HISTORIA NA URAIA: MTEMI MNYWA SERE NA USHURU WA NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji. Watemi waliotawala njiani walitoza misafara hongo, nayo ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Wakati huo neno hilo lilimaanisha ada ya kupita katika nchi ya mtemi. Leo hongo ni rushwa.

Mwaka 1858 Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki, na Mnywa Sere akashika utemi. Hakukaa muda mrefu kabla ya kutangaza ushuru juu ya bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliupinga. Mazungumzo yalipokosekana, waliungana na wapinzani wake, wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa.

Mnywa Sere hakukubali. Aliingia porini na wafuasi wake, akashambulia misafara na kuifunga njia ya kwenda pwani. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alijaribu kuwapatanisha, lakini hakufanikiwa: Mnywa Sere alidai utemi wake, nao wafanyabiashara hawakuwa tayari kumwacha Mkasiwa. Mwaka huohuo Snay bin Amir, mfanyabiashara mashuhuri wa Tabora, aliuawa vitani. Mnywa Sere naye alikamatwa na kukatwa kichwa mwaka 1865. Kwa miaka hiyo yote mkulima na mpagazi, ambao hawakushirikishwa katika ugomvi huo, ndio walioumia: mashamba yaliharibiwa na kazi ya upagazi ikakwama.

Mtemi alikuwa na haki ya kutafuta mapato ya nchi yake. Kilichokosekana ni chombo ambamo mtoza na mtozwa wangekaa, wakakubaliana kiwango, na kila mmoja akajua mapato yanakwenda wapi.

Leo chombo hicho kipo. Ushuru wa halmashauri husimama juu ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na sheria ndogo zinazopitishwa na Baraza la Madiwani. Kwa hiyo mwananchi anapaswa kuzingatia mambo matatu:

1. Kutoa maoni wakati sheria ndogo inapoandaliwa, badala ya kusubiri kulalamika kizuizini.

2. Kudai stakabadhi kwa kila malipo. Fedha iliyotolewa bila stakabadhi haina tofauti na hongo kwa maana yake ya leo.

3. Kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na kuuliza taarifa ya mapato na matumizi.

Swali la kujadili katika kitongoji au mtaa: je, ushuru uliolipwa na wakazi mwaka uliopita umeonekana katika huduma ipi?