Mchele Upi Unamfaa Mwenye Kisukari?

Mkazi anayeambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda mara nyingi hurudi nyumbani akiamini ameachishwa wali kabisa. Si lazima iwe hivyo, ingawa michele haifanyi kazi moja mwilini.

Tofauti imo katika wanga. Mchele wenye amilosi nyingi humeng'enywa polepole, na sukari hupanda taratibu. Jikoni jambo hili huonekana bila maabara: wali unaochambuka punje kwa punje kwa kawaida una amilosi nyingi kuliko ule unaoshikana. Pishori ya Mwea ni aina ya basmati na imo katika kundi la kwanza. Kwenye kipimo ambacho glukosi huhesabiwa kuwa 100, mchele mweupe wa basmati mara nyingi hupata kati ya 50 na 65, ilhali ule wa jasmine kutoka Thailand unaweza kupita 80. Wote wawili hunukia, kwa hivyo harufu isimdanganye mnunuzi.

Mchele wa kahawia, ambao haukutolewa pumba, una nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Hata hivyo, kwa upande wa sukari haupiti pishori nyeupe kwa mbali kama wengi wanavyodhani, na hula makaa zaidi.

Kinachowaponza wengi ni kiasi. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga. Vikombe vitatu ni gramu 135, na hapo hata pishori haisaidii. Wali uchukue robo ya sahani, robo nyingine iwe maharagwe, ndengu au samaki, na nusu iwe sukuma wiki, mchicha au kabichi. Chapati na viazi vikiongezwa, wali upunguzwe. Kuanza na mboga kabla ya wali pia hupunguza kasi ya sukari.

Anayetumia insulini au tembe za kisukari asipunguze chakula ghafla kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Sukari ikishuka chini ya 4 huja jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na akiwa peke yake ni hatari.

Mwenye mashine ya kupimia nyumbani anaweza kujijaribu: ale kiasi kilekile cha michele miwili kwa siku tofauti, mboga zikiwa zilezile, kisha apime saa mbili baada ya kuanza kula. Namba hizo aende nazo kliniki.